Kaseti namba 14: kipande cha reli kimenipa jibu

Imekubali. Kwa anayeingia leo: nasafisha kaseti za zamani za kwaya ya chuo chetu cha ualimu. Miezi mitano nimehangaika na upande A wa kaseti namba 14, na leo saa nne usiku kwaya imeimba kwa sauti yake yenyewe toka mwanzo mpaka mwisho. Nimeisikiliza mara tatu mfululizo bila kugusa kitu.

Namba 14 ni ile C90, kaseti ya dakika tisini, iliyokuwa ndani ya boksi la chaki, stoo ya vifaa vya michezo, chini ya nyavu za voliboli. Lebo imeandikwa "KWAYA – SHEREHE" kwa kalamu ya bluu, basi. Hakuna mwaka wala jina la kiongozi. Mwaka nilishaubana kwa maneno ya nyimbo zenyewe. Wimbo wa pili unaishukuru TANU, kwa hiyo ni kabla ya 5 Februari 1977, siku TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM. Wimbo wa tano unaipongeza Msumbiji kwa kujitawala, kwa hiyo ni baada ya 25 Juni 1975. Na ngonjera iliyo katikati inasimulia elimu kwa kila mtoto kama ilivyoagizwa Musoma, yaani lile Azimio la Novemba 1974. Imebaki miezi kumi na tisa na siku kadhaa, na ndani yake kuna Sabasaba mbili.

Nazipenda kwaya za vyuo vya ualimu kwa jambo hili. Tangu Azimio la Arusha la 1967, kila agizo kubwa la nchi liligeuzwa wimbo kabla wino haujakauka. Siasa ni Kilimo ya 1972 imo, Mtu ni Afya ya 1973 imo, na vita vya Kagera vimo kwenye kaseti tatu. Faili za ofisi zimeliwa na mchwa, lakini ukisikiliza sauti ya nne wakijibu "TANU yajenga nchi" unajua uko wapi. Tena haikuwa burudani ya Jumamosi tu. Chuo chetu kilikuwa kidogo, bwalo moja tu la chakula ambalo ndilo lilikuwa pia ukumbi, lakini kilikuwa na kwaya, kikundi cha ngoma na watu wa ngonjera, kwa sababu mwanachuo alitarajiwa kwenda kijijini na kuanzisha vyote hivyo shuleni kwake. Kuimba mbele ya mgeni rasmi kulikuwa mafunzo ya kazi. Muziki wenyewe walisomea kwa solfa, yaani kuandika nyimbo kwa do-re-mi, ile ya John Curwen iliyokuja na misheni, wakaondoa maneno ya zaburi wakaweka jembe na kijiji. Do-re-mi zikabaki.

Sasa nirudi kwenye shida.

Sauti ilikuwa inapanda. Kwaya inaingia bwaloni na wimbo wa kuingilia, dakika ya nne, na Do, noti yao ya msingi, imekaa kati ya F na F#. Inatoka na wimbo ule ule, dakika ya arobaini na moja, na Do iko G. Hawana kinanda, wanaimba mdomo mtupu. Aliyewahi kusimama kwenye kwaya bila ala anajua kwamba kwaya hushuka: mnaanza F, beti la nne mnajikuta mnaelekea E, hasa tena wakichoka. Haijapata kutokea kwaya ikapanda robo tatu za toni, sauti zikizidi kuwa nyembamba na maneno yakizidi kwenda mbio. Hiyo ni mashine. Waliorekodi walitumia redio kaseti ya mawe (betri), mawe yakaanza kulala, mota ikapunguza mwendo, na kitu kilichorekodiwa polepole ukikipiga kwa mwendo wa kawaida wa sentimita 4.76 kwa sekunde kinakimbia.

Dawa inayojulikana ni mngurumo wa umeme, ule unaojirekodi wenyewe kutoka kwenye nyaya. Umeme wetu ni hezi 50. Ukiuona kwenye spektrogramu, yaani mchoro wa sauti, uko 53, ujue kaseti inakwenda juu nusu toni, unarudisha, umemaliza. Nikautafuta, nikaukuta, uko 50 kamili toka dakika ya kwanza mpaka ya mwisho. Wiki tatu nikaamini kwamba mwendo wa kaseti ni sahihi na kwamba labda kiongozi alikuwa anawapandisha makusudi, wimbo hata wimbo. Nilishaandika hata maelezo yake kwenye daftari langu la mradi. Halafu siku moja nikaisimamisha kaseti huku narekodi bado, na mngurumo ukabaki pale pale. Ulikuwa wa deki yangu, mashine ninayopigia kaseti, kutoka waya wa ardhi. Kwenye kaseti yenyewe hakuna umeme hata chembe, na usingeweza kuwepo, kwa sababu jenereta ya chuo miaka ile ilikuwa ya kuwashia taa za usiku, na sherehe ilikuwa mchana. Jogoo anasikika.

Nikajaribu kushusha kwa mstari ulionyooka, kidogo mwanzoni na kingi mwishoni. Wimbo wa kuingilia na wa kutokea vikakaa vizuri, lakini katikati yote ikawa kama watu wanaoimba wana homa. Nikachora kwa mkono, nikasikiliza, nikachora tena. Mara kumi na saba. Kila nilipodhani nimepata, nilikuwa naisikia kwaya niliyoitaka mimi, na sikuwa na chochote cha kunionyesha kama ndiyo ile iliyosimama bwaloni. Hapo ndipo nilipokuwa naumia. Masikio yangu yanajua kudai, hayajui kuthibitisha.

Kabla sijafika kwenye jibu, niseme la vifaa maana nimeulizwa sana. Vile vichezeo vya plastiki vya kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, achana navyo. Mota yake inayumba yenyewe, na hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, haina skrubu unayoweza kuifikia, sasa utairekebishaje iendane na mashine iliyorekodi? Tafuta deki ya zamani, nzito, ibadilishe mikanda yake ya mpira, safisha hedi kwa spiriti na pamba ya masikio, kisha kaa na bisibisi ndogo ukiigeuza ile skrubu taratibu mpaka herufi "s" zisikike kama s. Kwenye namba 14 ilikuwa robo ya mzunguko tu, na ghafla nikaanza kusikia viatu vya watu sakafuni. Na tafadhali, hizi programu za kuondoa kelele kwa kubofya mara moja zinaharibu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiondoa kelele, na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma katika habari hii yote.

Mwezi uliopita nilikwenda chuoni kupiga picha madaftari ya solfa. Nimekaa chini ya mwarobaini karibu na ofisi ya taaluma, saa sita kasoro, kiranja wa zamu akaja na boliti kubwa akagonga kengele mara tatu. Kengele ile ni kipande cha reli, urefu kama mkono wa mtu mzima, kimening'inizwa kwa waya mnene uliozama ndani ya tawi kwa sababu mti umekua ukaumeza. Kichwa cha chini kimeng'aa kama sarafu kwa kugongwa. Nikasimama. Sauti ile nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeisikia kwenye namba 14 kwa miezi, na kwenye kaseti nyingine nilikuwa nimeikata kwa sababu iliingilia wimbo.

Nikaomba ruhusa, nikairekodi mara ishirini kwa nyundo na boliti tofauti, karibu na mbali. Sauti yake kuu ni hezi 612. Nyumbani nikafungua faili ghafi ya namba 14. Kengele ipo mara tatu: dakika ya nne, ya ishirini na saba, na ya arobaini na moja na kitu, katikati ya makofi. Ya kwanza inasoma 630. Ya pili 648. Ya tatu 688.

Lakini je, ni reli ile ile? Hili lilininyima usingizi siku mbili. Chuo kingeweza kubadilisha reli mara tano tangu wakati ule, na nikawa napima wimbo wa miaka ile kwa chuma cha juzi. Kisha nikakumbuka kwamba chuma kikigongwa hakitoi sauti moja, kinatoa kadhaa kwa pamoja, na uwiano wa sauti hizo haubadiliki kaseti ikikimbia au ikizubaa, kwa sababu zote zinapanda na kushuka pamoja. Kipande kingine cha reli, kirefu zaidi kidogo au kilichokatwa vingine, kingekuwa na uwiano wake. Reli ya leo inatoa 612 na 1,469, na ukigawanya unapata 2.40. Ya kwenye kaseti, dakika ya ishirini na saba, inatoa 648 na 1,555. Gawanya. 2.40. Nikapima sauti ya tatu pia, ikakaa. Ni chuma kile kile, juu ya mti ule ule, na nilipiga kelele peke yangu saa saba usiku.

Kwa pointi tatu hizo ndipo nilipoelewa kwa nini mstari ulionyooka ulikataa. Mwanzoni kaseti iko juu robo toni, na dakika ishirini na tatu baadaye imefika nusu toni tu. Halafu kwa dakika kumi na nne za mwisho inaruka mpaka toni nzima. Mota za redio kaseti zina kidhibiti mwendo, kinashikilia kadiri kinavyoweza mawe yanapodhoofika, na kikishindwa kinashindwa kwa haraka. Nikaweka pointi tatu kwenye njia ya muda ya Audacity, programu ninayohariria sauti, nikaipinda kufuata hali hiyo, nikarudi mwanzo.

Daftari la solfa la chuo, lile lenye jalada la kijani, wimbo wa kuingilia umeandikwa juu kwa wino mwekundu: "Do ni F". Sikuliangalia kabla ya kusahihisha, nilijizuia kwa makusudi. Baada ya kusahihisha wanaingia na F. Wanatoka chini kidogo ya F, kama kwaya yoyote ya watu wazima iliyosimama dakika arobaini kwenye joto. Walikuwa wanashuka, kama inavyotakiwa. Toka mwanzo walikuwa wanashuka na mashine ilikuwa inawasingizia.

Nikampigia mkufunzi mstaafu aliyesoma pale miaka hiyo, ambaye mara ya kwanza nilipomsikilizisha alikana kabisa kwamba ni chuo chake. "Shikamoo Mwalimu, naomba usikilize tena." Nikaiweka simu karibu na spika. Alikaa kimya beti mbili zima, halafu akaanza kuimba besi, juu ya kaseti, bila kukosea neno. Mwishoni akasema, "Huyo anayetangulia ni wa Kondoa, alikuwa analala kitanda cha juu yangu." Jina alilitaja pia. Sasa namba 14 ina mtu ndani yake.

Kilichonikaa kooni ni hizi kaseti sita nilizozisafisha mwaka jana. Kengele zote nilizikata, nikajisifu kwamba nimezitoa vizuri hata huwezi kusikia mkato. Nne nina faili ghafi zake, nitarudia. Mbili nilihifadhi toleo lililosafishwa tu, na kati ya hizo moja ilikatika utepe kwenye karakana moja niliyoipeleka kubadilishiwa ganda. Wimbo wa ile kaseti utabaki ukikimbia bila namna ya kuusimamisha. Anayefanya kazi kama yangu na anasoma hapa: hifadhi faili ghafi, na kikohozi, na mlango, na jogoo, na kengele. Usikate kitu.

Mpango wa mwezi huu ulikuwa kumaliza jedwali la maonyesho mwaka kwa mwaka, toka misheni mpaka vyuo vilipoanza kushindana UMISAVUTA, yale mashindano ya michezo na sanaa ya vyuo vya ualimu. Jedwali limesimama. Nimegundua kwamba kengele iko kwenye kaseti kumi na moja kati ya thelathini na moja, na zote zinaweza kupimwa kwa reli hii moja, kwa hiyo ninazipitia hizo kwanza, jedwali litasubiri. Tena nimeanza kuwaza kuhusu vyuo vingine. Vingi bado vina reli au rimu ya lori inayoning'inia mahali, na siku yoyote mtu atanunua kengele ya umeme na kuiuza ile kwa chuma chakavu. Nimenunua kinasa sauti kidogo cha kubeba. Wiki ijayo nina safari ya Dodoma kwa shughuli nyingine kabisa, na njiani kuna vyuo viwili.

Leo usiku naanza na namba 19, ile ya lebo ya penseli, upande B. Kengele nimeshaisikia. Dakika ya kumi na mbili, mara tatu, na mtu anacheka.