Usipeleke Mbele

Mjomba alikuwa mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, katika kikundi kimoja cha taarabu pale Unguja, na ndiye aliyeninyang'anya rimoti.

Tulikuwa watoto, tumejazana sebuleni kwa Bibi mbele ya deki, tunaangalia A Night at the Opera, filamu ya mwaka 1935 ya ndugu wa Marx, wachekeshaji wa Marekani: Groucho, Harpo na Chico. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, basi maneno ya Groucho, yule mwenye masharubu ya kuchora, yalitupita. Wetu alikuwa Harpo. Harpo hasemi, uso wake na mikono yake vinatosha. Tulikuwa tumetoka kwenye kile chumba kidogo cha meli, watu wanaingia mpaka wanalaliana, halafu mlango unafunguliwa wanamwagika wote nje. Mbavu zilikuwa bado zinatuuma.

Kisha zikaja nyimbo, kule kwa wahamiaji wa daraja la chini. Chico alikaa kwenye piano, watoto wamemzunguka, akawa anazidungua noti kwa kidole kimoja kama bastola. Tulicheka. Harpo akachukua zamu, kifuniko kikambana vidole, tukacheka zaidi. Lakini alipokisogelea kinubi nikabonyeza rimoti, maana kwetu filamu ilikuwa imesimama.

"Usipeleke mbele!" Mjomba akaingia kutoka barazani, akarudisha kanda mwenyewe. "Mtazameni uso."

Tukamtazama. Ule uso wa kukodoa macho na kukenua meno ulikuwa umeondoka. Alikaa mtu mzima, ametulia, anasikiliza nyuzi zake, na wale watoto wa kwenye filamu waliokuwa wakicheka sasa wamenyamaza. Mjomba alikaa chini mkekani pamoja nasi, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Hapa anapiga taksimu," akasema, yaani kile kipande ambacho mpigaji mmoja hupiga peke yake kwa kubuni. "Wenzake wote wamempisha. Mnadhani huyu hana la kusema? Haya ndiyo maneno yake."

Akaturudishia kipande kile tena na tena, akiangalia vidole tu. Hana pete za kupigia kama sisi wa kanuni, akasema, nyama tupu juu ya uzi. Binamu yangu akalalamika, "Mjomba, tunataka vichekesho!" Hakujibiwa.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba Harpo alijifunza kinubi mwenyewe, na hata kukitia sauti alikitia kwa namna yake, si ile ya wapigaji waliosomea. Mjomba, aliyeweza kumaliza saa nzima akikaza nyuzi za kanuni kabla ya mazoezi, angelifurahia hilo kuliko filamu yenyewe.

Wapenzi wengi wa ndugu hawa huiweka juu Duck Soup ya mwaka 1933. Inachekesha kweli, na inakwenda mbio. Ila ndani yake Harpo hapigi kinubi, Chico hakai kwenye piano, na mimi kila nikiiangalia naona mtu amenyimwa zamu yake ya kusema.