Inamsema nani?

Jumapili, usiku

Swali la bibi limenikaa kichwani tangu asubuhi, na usingizi hautakuja nisipoliandika.

Jambo lenyewe ni kadi ya harusi. Binti wa shangazi anaolewa, na ukoo ukaniachia mimi kadi kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha: nembo, mabango, lebo za asali na mafuta ya nazi, kadi za michango. Kadi nyingi ninazotengeneza sasa hazifiki kwa mchapaji. Zinakwenda WhatsApp, mtu anaifungua akiwa ndani ya bajaji, anaangalia tarehe na namba ya kutuma mchango, basi. Hii ya nyumbani nilitaka iwe na uzito. Nikaamua iwe kanga: pindo pembeni, mji, yaani ule uwanja wa ndani, katikati, na jina, yaani neno la kanga, chini.

Tabu ya kwanza ilikuwa umbo. Kanga imelala, simu imesimama. Kipande kimoja cha kanga kina mita moja na nusu hivi kwa mita moja na kitu, na neno lake linajinyoosha kwa raha kwenye ule upana. Skrini ni nyembamba kama mlango. Nikaubana mji, pindo la juu na la chini nikalinenepesha, neno nikalivunja mistari miwili. Hapo tayari niliona kuna kitu kimepotea, maana neno la kanga husomwa kwa pumzi moja. Nikaendelea hivyo hivyo.

Michoro nilitaka niichore kwa mkono, lakini wiki ilinibana, nikaiachia programu ya akili mnemba. Nikaieleza: kanga ya harusi ya pwani, nyekundu na nyeusi, korosho kwenye kona nne, maneno ya mapenzi chini. Haikumaliza dakika. Ilipendeza kweli, nyekundu imekolea, korosho zimejipinda vizuri, kila kona sawa na mwenzake. Na mahali pa jina, kwa herufi kubwa za kupendeza, palikuwa na hivi: MAPEZNI YA KWLI HAYAFJI.

Sikushangaa. Programu nyingi za aina hii huanza na chengachenga tupu, kama televisheni isiyoshika kituo, halafu hupunguza zile chenga hatua kwa hatua mpaka picha itokeze, zikifuata zilichojifunza kwenye mamilioni ya picha zenye maelezo yake. Katika kazi hiyo herufi ni umbo, kama ua lilivyo umbo. Za karibuni zimekuwa hodari zaidi wa kuandika, hasa Kiingereza, kwa kuwa ndicho kilichojaa kwenye hizo picha. Kiswahili hupata makombo. Nikafuta lile neno, nikaandika mwenyewe, herufi kwa herufi: Mapenzi ya kweli hayafi. Nikahesabu kazi imekwisha.

Asubuhi nikaipeleka Ngamiani, hapa hapa Tanga, Barabara ya 12. Bibi alikuwa barazani anapepeta mchele.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Kadi hiyo? Ingia ndani, miwani iko juu ya kabati.”

Akaishika simu kwa mikono miwili. Jambo la kwanza alilofanya ni kuilaza, kama mtu anavyokunjua kanga, na kila akiilaza picha ikajisimamisha yenyewe na kuwa ndogo. Akajaribu mara tatu. Kisha akaiacha isimame, akaitazama kwa muda.

“Nzuri,” akasema. “Sasa inamsema nani?”

Nikamwambia haimsemi mtu, ni maneno ya harusi tu.

“Kanga haina maneno ya tu.” Hakusema kwa ukali. Aliweka simu juu ya ungo, pembeni ya mchele, akanieleza kama anavyoeleza mapishi. Mtu akinunua kanga anajua anampa nani, au anajitanda apite wapi. Neno lazima litoke kwa mtu liende kwa mtu. “Mapenzi ya kweli hayafi. Kwani nani kasema yanakufa? Watu wakisoma watauliza ni nani alikuwa anawaombea watoto mabaya, mpaka mkaona mumjibu kwenye kadi.”

Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja na sikuwahi kuliona. Neno la kanga ni jibu. Usisafirie nyota ya mwenzio: kuna mtu alishaanza safari. Japo sipati tamaa sikati: kuna aliyekwisha mwambia mwenzake akate. Hata yale ya upole kabisa, ya kumwombea mama radhi, yana mtu upande wa pili. Ukitoa huyo wa pili, unabaki na maandishi. Na mimi nilipoirekebisha ile tahajia nilidhani nimeponya ugonjwa, kumbe programu na mimi tulikuwa tumekosea mahali pamoja. Wote wawili tuliandika kitu kinachofanana na neno la kanga.

Nimekumbuka mama mmoja anayeuza chakula karibu na soko la Mgandini, ambaye alikuja kwangu anataka bango la flexi. Maneno yake alikuja nayo: “Jana ulikula wapi?” Nikamshawishi ayaache, nikamwekea “Ladha bora, huduma bora”, picha ya sahani ya pilau nyuma, kivuli kidogo kwenye herufi. Alilipa, akashukuru. Leo nikipita pale naliona bango langu na linaniuma. Lile swali lake lilikuwa linamshika mkono yule mteja wa kila siku aliyepotea siku moja, linamwambia kutokuwepo kwako kumeonekana. Nililifuta kwa jina la utaalamu. Kiolezo nilichokitumia kingefaa hoteli yoyote ya mji wowote, na hilo nilikuwa nikilihesabu kuwa sifa yake.

Watu wenyewe hawajasahau. WhatsApp walipoleta stata za picha mwaka 2017, pwani hatukuhitaji kufundishwa. Dada mmoja anaweka asubuhi: “Wengine wakishavuka wanatukana mamba.” Watazamaji sitini, na mmoja ndiye anayejua ni yake. Mwenye kuweka anafungua ile orodha ya walioona, anatafuta jina moja tu. Hiyo ni kanga. Zamani ungejitanda ukapita mbele ya mlango wa mhusika, pole pole, upande wenye neno ukiwa nyuma. Ukitaka kujua utamaduni wa kidijitali wa Tanga usisome makala za kigeni, fungua stata za shangazi zako.

Ndiyo maana siamini maneno kwamba mashine ndiyo inayoua usanii. Mji huu ni wa Black Star na Lucky Star. Miaka ya 1960 vikundi hivyo viliingiza gitaa la umeme na gitaa la besi kwenye taarab, na taarab ya Tanga ikasikika pwani nzima. Vyombo vilikuwa vipya, sauti ilipita kwenye spika, na fumbo likabaki fumbo. Mwanamke akiinuka kwenda kutuza kwenye ubeti fulani, ukumbi ulijua amechagua ubeti huo kwa ajili ya nani. Umeme haukuondoa kitu hapo, kwa sababu mwenye kuimba na mwenye kutuza walikuwa wanajua wanasema na nani. Mimi ndiye niliyekuwa sijui, na nilikuwa sijui hata kabla ya hii akili mnemba. Ilichofanya ni kuniharakishia.

Nikamuuliza bibi basi tuandike nini.

Akainuka, akaingia chumbani, akanyamaza huko kwa muda mpaka nikataka kumfuata. Akarudi na kisutu chake, kanga ya bibi harusi, kimekunjwa mara nne, kinanukia karafuu. Chekundu, cheusi na cheupe, ila nyeupe imeshakuwa rangi ya maziwa ya chai. Nikatafuta jina. Hakuna.

“Kisutu chetu sisi hakikuwa na neno,” akasema. “Siku ile bibi harusi hamjibu mtu.”

Nikaomba nikitazame vizuri. Nimekaa na kile kitambaa barazani karibu saa nzima, pua karibu iguse uzi. Rangi zilipigwa moja juu ya nyingine na hazikukaa sawasawa. Upande wa kushoto wa kila umbo nyeusi imepita kidogo nje ya mpaka wake na kuikanyaga nyekundu, na upande wa kulia pamebaki ufa mweupe, mwembamba kama unywele. Ukisogea mbali huuoni ule ufa, ila ndio unaofanya rangi zicheze. Kona moja ina alama ya kuungua, ya pasi ya mkaa, na bibi anamjua aliyeiunguza. Ile picha ya programu haikuwa na ufa popote. Kila rangi ilikoma pale pale rangi nyingine ilipoanzia.

Kabla sijaondoka akaniuliza kadi itakaa kwenye simu za watu kwa siku ngapi. Nikamwambia kwenye stata ni saa ishirini na nne, kwenye mazungumzo inakaa mpaka mtu aifute. Akakikunja kisutu kwa mikunjo yake ile ile, akanitazama, hakusema kitu.

Sasa ni saa tano usiku. Nimefuta kazi yote ya wiki, nimeanza upya kwa penseli, nimepiga picha mchoro na kuuingiza kwenye laptopu. Nimeilaza kadi. Atakayetaka kuisoma ataigeuza simu yake, na nitaituma kama dokumenti ili WhatsApp isiibane picha. Majina ya watoto, tarehe na ukumbi nimevitenga chini kabisa, nje ya pindo, na mahali pa jina pamebaki patupu. Shangazi ataniuliza kesho kwa nini, nami nitamjibu kama bibi alivyonijibu.

Kilichonishinda muda mrefu ni nyekundu. Kwenye skrini inawaka, inataka kuungua, nayo ya bibi ina kahawia ndani yake. Nimeishusha mara nane au tisa. Halafu nimeshika leya, yaani tabaka, ya nyeusi peke yake, nikaisogeza kushoto pikseli mbili. Hapakutosha. Nikaongeza moja. Upande wa kulia wa kila umbo, ule ufa mweupe ukatokea.