Bei zilipanda, tarehe ikabaki palepale

Faranga ilikuwa imeshuka tena mbele ya dola, na depo ya dawa niliyokuwa nikiifanyia kazi Ibanda, hapa Bukavu, ikapandisha bei zote usiku mmoja. Asubuhi mama mwenye famasi kule Kadutu akanipigia: "Mwanangu, simu inasema parasetamoli ni bei ya zamani, karatasi ya depo inasema vingine. Niuze kwa ipi?" Nikapanda kwake. Kweli, karatasi ukutani ilikuwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na simu ilionyesha bei ya zamani bila alama yoyote ya kosa.

Programu yetu ya kupeleka bei kwenye simu za famasi ilijengwa kwa Django, mfumo wa kujengea programu kwa lugha ya Python. Kila dawa ilikuwa na safu ya tarehe ya badiliko la mwisho, yenye auto_now, yaani mpangilio unaojiandikia saa ya sasa wenyewe, na simu za famasi zilivuta zile tu ambazo tarehe yake imesogea. Bei zilikuwa zimepandishwa kwa update(), amri inayobadilisha dawa nyingi kwa pamoja. Sasa, auto_now hufanya kazi upande wa Python, wakati wa save(), amri inayohifadhi dawa moja moja. Lakini update() hutuma amri moja ya SQL, lugha ya hifadhidata, moja kwa moja kwenye hifadhidata. Haipitii save(), wala haitoi signali ya post_save, ile taarifa ya Django kwamba kitu kimehifadhiwa. Kwa hiyo tarehe haikusogea, na simu ziliona hakuna jipya.

Maelezo rasmi ya Django yanalisema jambo hili. Kijana aliyeandika mstari ule alikuwa ameyafungua: "Yaya, nilisoma pa auto_now, sentensi ya kwanza ikanitosha." Sikumlaumu, na hadi leo simlaumu. Mwenye kazi mkononi husoma mpaka apate jibu, basi, anafunga. Onyo likikaa chini ya jibu, wengi hawalifikii.

Tukasahihisha tarehe kwanza, mama apate bei zake. Jioni tukaandika upya mwongozo wetu wa ndani, mfano ukiwa juu kabisa: dawa moja, bei na tarehe kabla ya update(), kisha baada yake, bei mpya na tarehe ile ile. Chini yake mstari sahihi, unaoweka timezone.now(), yaani saa ya sasa, kwenye safu ya tarehe ndani ya update() hiyo hiyo. Sababu ikafuata, kwa ufupi. Nilitaka kufunga, lakini kijana akakumbuka kwamba historia ya bei nayo huandikwa kwa post_save. Tukafungua jedwali: usiku ule haukuwa na hata mstari mmoja. Mfano huo nao tukauingiza, kwenye ukurasa uleule, juu ya maelezo.