Dira ilikuwa inatupeleka kombo: jinsi nilivyotatua

Nimepumua, kwa hiyo naandika ili mwingine asihangaike wiki tatu kama sisi. Mimi na mwenzangu tunajiandaa kwa mashindano ya siku mbili ya kutafuta vituo kwa ramani na dira, hema na chakula mgongoni. Mazoezi tunafanyia vilima vya Kondoa, kwenye miombo na majabali.

Kila tukienda kilomita moja kaskazini, tulitokea kushoto ya kituo, kama mita 170. Nilinunua dira mpya, nikapima upya nyuzi kwenye ramani ya 1:50,000, nikahesabu hatua. Wapi!

Kilichonizindua ni hiyo kushoto, kila mara kushoto. Uzembe ungetupeleka huku na huku. Na mita 170 kwa kilomita ni karibu nyuzi 10, si kidogo.

Basi nikalaza dira chini, nikaisogezea vifaa vyangu kimoja kimoja: tochi, kisu, sufuria. Simu ilipofika vidole vinne, sindano ikageuka. Sikuwahi kuishuku kwa sababu tunaibeba ya dharura tu, imezimwa. Lakini spika yake ina sumaku, na kifuniko chake kina kisumaku cha kufungia. Ukizima simu, sumaku haizimiki. Nami niliiweka mfuko wa kifuani, dira naishika papo hapo mbele yake!

Nikavua kifuniko, simu nikaishindilia chini kabisa ya begi. Jumapili tulirudia njia ileile, tukatokea penyewe, kwenye mbuyu uliokuwa kituo chetu.