Siku ya tatu kwenye viatu vya magurudumu

Goti la kushoto limevimba kama andazi, lakini leo nimevuka uwanja bila kushikwa mkono!

Tangu utotoni nilitamani kuteleza barafuni. Sasa barafu ya Uganda iko Rwenzori, kule kilele cha Margherita, mita 5,109, na yenyewe inazidi kuyeyuka. Basi nikaazima viatu vya magurudumu vya binamu yangu, tukaingia kwenye maegesho fulani huku Ntinda, mtaa wa Kampala, Jumapili asubuhi kabla magari hayajajaa.

Tatizo langu ni kwamba kila nikiogopa kuanguka, najivuta nyuma. Ukijivuta nyuma tu, miguu inakimbilia mbele, unakalia saruji puu! Binamu akapiga kelele, "Dada, kunja magoti! Kama unataka kukaa kwenye kigoda!" Nikakunja. Visigino karibu karibu, vidole vinatazama nje, mguu mmoja unasukuma pembeni, mwingine unabeba uzito. Mara nikasikia magurudumu yananguruma chini yangu, grrrr, mita kumi hivi.

Breki ipo, kipande cha mpira kwenye kisigino cha kulia. Mimi nilitumia ukuta. Bodaboda mmoja getini akasema kwa Kiganda, "Bambi nyabo, mpola mpola!" Yaani, pole mama, polepole!