Watano Waliotumwa, Mizizi Iliyochelewa

Ndugu zangu katika Dhamma, mafundisho ya Buddha,

Wiki hii namba iliyonikaa moyoni ni 5. Kila Poson, sikukuu ya kukumbuka Ubuddha ulivyofika Lanka (Sri Lanka ya leo), tunasimulia mlima wa Mihintale na mfalme wa huko, Devanampiya Tissa, akiwa mawindoni, lakini hatuwahesabu waliomtokea. Mzee Mahinda, mtawa kutoka India, alifika Lanka karibu mwaka 250 K.K. na mabhiku, yaani watawa wa kiume, wanne: Itthiya, Uttiya, Sambala na Bhaddasala. Naye ni wa tano. Makundi yote yaliyotumwa baada ya baraza la watawa la Pataliputra, India, hata ya Kashmir na Himalaya, yaliondoka watano watano.

Sababu imo katika Vinaya, kanuni za maisha ya watawa. Katika nchi ya kati, yaani bonde la Ganga huko India, kumpokea mtu utawani kulihitaji mabhiku 10. Kule Avanti, pembezoni mwa nchi hiyo, mwombaji Sona Kutikanna alingoja miaka 3 hadi mabhiku kumi wapatikane, ndipo Bwana Buddha akaruhusu watano kwa nchi za pembezoni, mmoja wao awe mjuzi wa Vinaya. Mwombaji awe na miaka 20, bakuli na mavazi matatu, asiwe na deni, awe na ruhusa ya wazazi. Hoja hutolewa mara moja, tangazo mara tatu. Wote wakinyamaza, amepokelewa. Wakiwa wanne akidi haijatimia, na tendo ni batili hata mwombaji awe na moyo safi namna gani.

Ndiyo maana Bhanduka, mlei aliyefuatana nao, alipokelewa palepale mlimani, lakini Anula, shemeji wa mfalme, akaambiwa angoje. Mabhiku peke yao hawampokei mwanamke. Akashika kanuni kumi hadi Sanghamitta, dada yake Mahinda, alipovuka bahari na mabhikuni (watawa wa kike) wenzake, pamoja na tawi la mti wa Bodhi, ule ambao Buddha aliamka chini yake.

Jamani, sisi tunapeleka vitabu na sanamu, mwalimu akiondoka jumuiya inakauka, kisha tunawalaumu wenyeji! Wale hawakuwa na kitabu hata kimoja. Vinaya nzima ilikaa kichwani. Mfundisheni kijana wa hapo mlipo, mkae naye miaka, akosee, arudie. Mfalme alipouliza kama mafundisho yamesimama Lanka, Mahinda alijibu: yamesimama, ila mizizi haijashuka. Itashuka siku mtoto aliyezaliwa Lanka, kwa wazazi wa Lanka, atakapojifunza Vinaya hapohapo Lanka na kuikariri hapohapo.

Aliyekuja kukaa kwenye kiti cha kukariri, pale kwenye monasteri ya Thuparama, alikuwa Arittha, mpwa wa mfalme, yuleyule aliyetumwa kumleta Sanghamitta. Mahinda alikuwapo, akimsikiliza.