Nyenje wa Julai

Juzi umeme ulikatika, tukatandika mkeka nje. Binti yangu mdogo akaziba masikio kwa viganja: "Mama, hawa nyenje wanakera! Kwani wewe huwasikii?" Nikamwambia nawasikia. Baba yake akanitupia jicho, akaendelea kumenya chungwa lake.

Walinipotea wodini, 2015, mwaka ule wa kifua kikuu sugu. Usiku mmoja niliona kimya kimezidi. Nikasema moyoni ni baridi tu, Julai kule juu hata kuku hawatoki mapema. Asubuhi nikamuuliza bibi wa kitanda cha dirishani. Akanishangaa: mbona wamelia tangu magharibi?

Basi nikapelekwa kupimwa. Sindano tulizochomwa zilikuwa za kanamaisini, makalioni, hadi mtu unakaa upande upande. Kwa kifua zilisaidia, ila zilikuwa zinajulikana: huua chembe zenye vinyweleo ndani kabisa ya sikio, zile zinazonasa sauti, na zikishakufa hazioti tena. Huanzia kwenye sauti nyembamba. Kwa hiyo nyenje kwanza, watu baadaye.

Chumba cha kupimia kilikuwa stoo iliyobandikwa magodoro ukutani. Nikavishwa hedifoni nzito, nikapewa kitufe. Ukisikia mlio, hata wa mbali, bonyeza. Mlio mnene, nikabonyeza. Mwembamba kidogo, nikabonyeza. Halafu nikamwona kijana wa vipimo anabonyeza chake, na mimi kwangu patupu. Nikamtazama vizuri. Kila akibonyeza, bega lake la kulia linashuka kidogo. Ahaa. Bega likishuka, nami nabonyeza. Tukaenda hivyo mpaka nikaanza kujiona mjanja. Wodini ilikuwa imeshasemwa kwamba masikio yakifeli, sindano zinasitishwa, na mimi nilikuwa nimemwona mwenzetu wa kitanda cha nne alivyotolewa amefunikwa shuka. Nilizitaka sindano zangu.

Kijana akasimama. Hakusema neno, akakigeuza kiti changu kikatazama ukuta. Magodoro yale yalikuwa na maua ya buluu, moja limechanika na sponji inachungulia. Nikayakodolea macho, kidole juu ya kitufe. Nikasubiri. Sponji ilikuwa ya manjano. Nikasubiri tena. Mwisho nikabonyeza kwa kubahatisha, nikamsikia nyuma yangu akicheka. Kicheko chake nilikisikia vizuri sana.

Daktari akanionyesha karatasi. Mstari ulianzia hezi 250, sauti nene, umetulia, ulipofika 4000, sauti nyembamba, ukaporomoka kama barabara ya kushuka kutoka Lushoto. "Mama Baraka," akasema, "tunaweza kuendelea na sindano kila siku, au tuzifanye tatu kwa wiki tujaribu kuokoa kilichobaki." Nikamuuliza ipi inaponya. Akasema zote, ila... Hiyo "ila" hakuimalizia, na mimi sikumlazimisha. Nikachagua tatu. Mpaka leo sijui kama niliamua au nilikuwa nimechoka tu kuchomwa.

Nilipona. Masikio yakaendelea kushuka taratibu hata baada ya dawa kwisha. Mwaka 2019 nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani limeiondoa kanamaisini kwenye mwongozo wa kutibu kifua kikuu sugu, watu sasa wanameza vidonge. Nilifurahi, kweli kabisa. Halafu nikanuna siku nzima, mume wangu akidhani ni yeye.

Kifaa cha sikio ninacho. Sokoni nakivua, maana hakichagui: mashine ya kusaga, muuza CD na mtu anayeniita jina, vyote kinavikuza sawasawa. Mvua ikipiga bati nakivua pia. Msibani navaa, kanisani navaa, kwa wakwe inategemea nani amekuja. Wapo wanaoniambia nijitangaze, niseme mapema kwamba sisikii vizuri, watu wataongea taratibu. Nimejaribu. Wanaongea taratibu kwa dakika moja, halafu wanaanza kuongea na mume wangu.

Kwenye daladala, sita na tisa kwangu ni kitu kimoja, kwa hiyo natoa elfu mbili nzima na kusubiri chenji. Kuna konda ameshanizoea, ananionyesha nauli kwa vidole. Kijana mzuri. Mara nyingi ananipunja mia, na anajua kwamba najua.